Tembe za Shilingi 10: Hesabu ya Homa Kati ya Bungoma na Kitale

Shilingi 10 ndiyo bei ya kuanzia. Kwenye kioski kilicho nje ya lango la shule, iwe pembezoni mwa mji wa Kitale au kando ya barabara ya Bungoma kwenda Chwele, sarafu hiyo inanunua tembe 2 za kutuliza maumivu, zilizokatwa kwa makasi kutoka ukanda wa tembe 10. Hakuna anayeuliza umri. Hakuna anayeuliza uzani. Tarehe ya mwisho wa matumizi imebaki kwenye kipande alichouziwa mtu mwingine. Mwanafunzi anazimeza kwa maji ya mfereji na kurudi darasani kabla mapumziko hayajaisha.

Bei za rejareja nitakazotaja hapa ni za kukadiria, maana kila kioski kina yake. Lakini hata kwa makadirio, hesabu inakuwa kubwa upesi.

Sensa ya 2019 ilikuta watu 990,341 Trans Nzoia na 1,670,570 Bungoma, jumla 2,660,911. Wenye umri wa kwenda shule, miaka 5 hadi 19, ni kama watu 4 katika kila 10 sehemu hii ya nchi, yaani zaidi kidogo ya milioni 1. Tuseme robo yao tu, 265,000 hivi, hununua dawa ya shilingi 20 mara moja kwa mwezi katika ile miezi 9 ambayo shule huwa wazi. Hizo ni shilingi milioni 47.7 kwa mwaka. Robo hiyo ni dhana yangu, si matokeo ya utafiti. Anayeiona kubwa na aikate katikati: bado atabaki na karibu milioni 24, sarafu kwa sarafu, katika biashara isiyotoa risiti.

Kwamba watoto hujitibu wenyewe si habari mpya katika magharibi ya Kenya. Mwaka 2000 Wenzel Geissler na wenzake walichapisha utafiti wao wa Bondo, walikowafuatilia wanafunzi 57 wa shule za msingi, wa miaka 11 hadi 17, kwa wiki 30. Watoto hao walijua majani ya kichakani na walijua tembe za dukani, na mara nyingi walijitibu bila mtu mzima kuhusika. Wanafunzi 57 ni wachache. Hata hivyo, mtoto anayeulizwa habari zake wiki baada ya wiki husema mengi kuliko anayejaza fomu ya siku moja.

Kwa nini basi asiende zahanati, ambako huduma ni bure? Juni 2013 zahanati na vituo vya afya vya serikali viliacha kutoza ada. Kabla ya hapo, kuanzia 2004, ada ilikuwa shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya, na watoto wa chini ya miaka 5 hawakulipa. Tukihesabu kama anavyohesabu mama wa Kiminini au Kimilili, pikipiki ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Akimsindikiza mtoto anaacha kibarua cha palizi nusu siku, tuseme shilingi 150. Dawa ikikosekana dirishani ataandikiwa karatasi akanunue nje, hapo ongeza 200. Huduma ya bure imefika shilingi 450, na mtoto amekosa masomo asubuhi nzima. Kioski ni shilingi 10 na dakika 5. Huwezi kumlaumu mtoto wa miaka 13 kwa kuchagua kilicho mara 45 chini ya kingine. Wengi wetu tunachagua hivyo hivyo tukiwa na miaka 40.

Kwa anayelala bweni hesabu ni ya namna nyingine. Anahitaji ruhusa ya mwalimu wa zamu, kisha ya metroni, kisha ya bawabu, na kila mmoja ana haki ya kumwambia anajifanya mgonjwa. Sanatoriamu ya shule, pale ilipo, kila aliyesoma bweni anaijua: tembe nyeupe za aina moja kwa kichwa, tumbo na goti. Ndiyo maana sanduku la chuma la mwanafunzi huwa na dawa chini ya sare, zilizotoka nyumbani au kwa rafiki. Mwenye dawa nyingi huwa daktari wa bweni.

Tukirudi kwenye ada ya 2004, mpaka wa miaka 5 haukuwa jambo dogo. Karibu kila mpango wa afya ya watoto katika nchi hii umejengwa kumzunguka aliye chini ya umri huo, na kwa sababu njema, maana ndiye anayekufa upesi. Mtoto mchanga ana kijitabu cha kliniki chenye mstari wa uzani wake. Wa miaka 14 hana. Hajapimwa uzani tangu amalize chanjo, na dozi ya dawa nyingi huhesabiwa kwa uzani. Mara pekee ambapo serikali humfuata kwa utaratibu na tembe mkononi ni siku ya dawa za minyoo shuleni, na hiyo ni tembe moja ya albendazole ya miligramu 400 kwa kila mmoja, mwembamba au mnene.

Malaria nayo haikuufuata mpaka huo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2015 ulikuta vimelea kwenye damu ya asilimia 5 ya watoto wa chini ya miaka 5, na asilimia 11 ya wale wa miaka 10 hadi 14. Mtoto mkubwa amekwisha kupata kinga kiasi, kwa hiyo hafi kwa urahisi, lakini ndiye anayevibeba zaidi. Anaumwa kichwa, anasikia baridi, anatembea. Mgonjwa anayetembea ndiye mteja wa kioski.

Hapo ndipo Bungoma na Kitale zinapoachana. Bungoma, iliyo kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, huhesabiwa katika ukanda wa ziwa ambako malaria haiondoki mwaka mzima. Watoto wa ukanda huo waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 38 mwaka 2010, 27 mwaka 2015 na 19 mwaka 2020. Kitale iko juu, kama mita 1,900, na Trans Nzoia huwekwa katika kaunti za nyanda za juu ambako malaria huja kwa mlipuko. Huko 2015 walikuwa asilimia 3. Takwimu hizi ni za watoto waliopimwa majumbani, wengi wao bila homa, kwa hiyo zisichukuliwe kuwa uwezekano wa mgonjwa mmoja mmoja. Lakini tofauti ya 27 na 3 haifichiki. Matatu ikipanda kutoka Bungoma kupitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini, bei ya dawa ya malaria haibadiliki sana njiani. Uwezekano kwamba dawa hiyo inahitajika unashuka kwa kila kilomita. Mwanafunzi wa Kitale anayejiambia kuwa joto lake ni malaria anacheza bahati nasibu mbovu kuliko ya binamu yake wa Bungoma, kwa tiketi ya bei ileile.

Bahati ni kwamba swali hili liliwahi kupimwa papa hapa, na si kwa dhana. Kati ya Julai 2015 na Mei 2017, Wendy Prudhomme O'Meara wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Moi walifanya jaribio katika maeneo 32 ya Bungoma Mashariki na Kiminini, yenye watu kama 160,000. Katika nusu ya maeneo hayo wahudumu wa afya wa kijijini walipewa vipimo vya haraka vya malaria. Mwenye homa alipimwa bure, na aliyekutwa na malaria alipewa vocha ya kununulia dawa mseto ya malaria kwa bei ya chini dukani. Matokeo yalichapishwa 2018 katika jarida la PLoS Medicine.

Watu 7,416 waliougua homa siku za karibuni walihojiwa, na asilimia 62.9 walikuwa chini ya miaka 18. Homa ya Bungoma na Kiminini, kwa wingi wake, ni homa ya watoto. Kabla ya jaribio kuanza, asilimia 67.6 ya waliougua walikuwa wamemeza dawa mseto, na asilimia 40.3 walikuwa wameinunua dukani. Jaribio lilipoanza, vipimo 32,404 vilifanywa na vocha 10,870 zikatolewa. Gawanya: vocha 1 kwa kila vipimo 3, au asilimia 33.5.

Wenye homa 68 kati ya 100 walimeza dawa ya malaria, na waliopimwa wakapata vocha ni 34 kati ya 100. Si kundi lilelile la watu, na mtafiti makini atanikumbusha hilo. Lakini tukizichukua namba hizo kama zilivyo, katika kila homa 100 kuna watu wasiopungua 34 waliomeza dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao. Dozi ikiwa shilingi 120, hizo ni shilingi 4,080 zilizotupwa kwa kila homa 100. Fedha hizo ndizo hasara ndogo. Kubwa ni ugonjwa halisi uliobaki bila jina: kichomi, maambukizi ya mkojo, au mafua tu ambayo yangepona yenyewe kwa uji na usingizi.

Je, kipimo cha bure kilibadilisha mwenendo? Kilibadilisha, ila si kwa kishindo. Baada ya miezi 12, asilimia 50.5 ya wenye homa katika maeneo ya jaribio walikuwa wamepimwa, dhidi ya 43.4 kwingineko. Matumizi sahihi ya dawa yalipanda kutoka asilimia 41.7 mwanzoni hadi 59.6 baada ya miezi 18. Mimi naziamini namba hizi kwa sababu ni za wastani. Zingekuwa asilimia 95 ningeshuku.

Tuseme sasa kwamba kweli ni malaria. Dozi ya AL (artemether-lumefantrine), dawa mseto ambayo Kenya iliiteua mwaka 2004 na kuanza kuisambaza 2006, hufuata uzani. Mtoto wa kilo 15 hadi 24 humeza tembe 12 kwa siku 3. Wa kilo 25 hadi 34 humeza 18. Kuanzia kilo 35 ni 24, yaani 4 asubuhi na 4 jioni. Wasichana wawili wa darasa moja, mmoja kilo 33 na mwingine 36, wanatofautiana tembe 6, na hakuna kioski chenye mizani isipokuwa ya sukari. Kuna pia dozi ya nyumbani iliyobaki: kaka alipata nafuu siku ya pili akaacha tembe 12 kati ya 24, na mdogo wake wa kilo 30 anazichukua mwezi unaofuata. Kaka amemeza nusu, mdogo theluthi mbili. Familia imenunua dozi moja ikajiona imetibu watu wawili, na hakuna hata mmoja aliyetibiwa.

Hata mwenye tembe 24 kamili anaweza kuzipoteza mezani. Lumefantrine, nusu ya pili ya dawa hiyo, hufyonzwa kwa urahisi ikiambatana na mafuta. Majaribio yameonyesha kwamba chakula chenye mafuta mengi kinaweza kuongeza kiwango kinachoingia kwenye damu hata mara 16. Si lazima iwe nyama choma, chai ya maziwa inasaidia. Lakini kiamshakinywa cha bweni ni strungi, yaani chai isiyo na maziwa, na mkate mkavu, na hapo dawa nyingi hupita tumboni na kutoka zake.

Dozi pungufu haimdhuru aliyeimeza peke yake. Mwaka 2021 watafiti waliofanya kazi Gulu, kaskazini mwa Uganda, walitangaza katika New England Journal of Medicine kwamba wagonjwa 14 kati ya 240, sawa na asilimia 5.8, walikuwa na vimelea vilivyochelewa kuondoka licha ya kupewa artesunate, ndugu wa artemether, kwa ukamilifu. Usugu huo hauhitaji pasipoti kuvuka Suam au Lwakhakha. Sisemi kwamba watoto wa shule ndio waliouzalisha. Ninachosema ni kwamba dawa iliyomezwa nusu ndiyo mazingira ambayo usugu hupenda.

Antibiotiki zina hesabu mbaya zaidi kwa sababu zinauzwa kapsuli moja moja. Dozi ya kawaida ya amoxicillin kwa kijana mkubwa, kapsuli 1 mara 3 kwa siku 5, ni kapsuli 15. Kwa shilingi 5 kila moja ni shilingi 75. Kijana ana mbao mfukoni, yaani shilingi 20, anapewa 4. Amenunua asilimia 27 ya dozi, kwa ajili ya koo ambalo mara nyingi limewashwa na virusi visivyojali amoxicillin kabisa. Kisheria hizi ni dawa za cheti cha daktari. Duniani kote, makadirio yaliyochapishwa katika Lancet mwaka 2022 yalihusisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 na usugu wa bakteria kwa dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi ikilinganishwa na idadi ya watu wake.

Tembe za kichwa nazo si maji. Tembe ya paracetamol ya miligramu 500 ni kipimo cha mtu mzima. Mtoto anahitaji miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo mwenye kilo 25 anastahili nusu tembe hadi robo tatu, si zile 2 za shilingi 10. Tembe nyingi za mchanganyiko zinazouzwa vioskini hutia ndani aspirini na kafeini pia. Uingereza ilionya aspirini isipewe watoto wa chini ya miaka 12 mwaka 1986, na mwaka 2002 ikaupandisha umri huo hadi 16, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini huharibu ini na ubongo. Anayemeza tembe ya mchanganyiko halafu akaongeza paracetamol kwa kuwa ya kwanza haikusaidia, amemeza paracetamol mara mbili bila kujua.

Wasichana wana hesabu yao. Maumivu ya hedhi hurudi kila mwezi, na ibuprofen kwenye tumbo tupu kila mwezi ina gharama yake kwenye utumbo. Kuna pia tembe ya dharura ya kuzuia mimba, ambayo vijana wote wanaiita P2. Inafaa ndani ya saa 72, na kadiri saa zinavyopita ndivyo nguvu yake inavyopungua. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wamewahi kushika mimba. Anayenunua P2 kwa siri anajua hesabu hiyo, hata kama hajaisoma popote.

Kisha kuna wale ambao hawajitibu chochote. NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilipowauliza wanafunzi wa shule za upili mwaka 2016, asilimia 16.1 walisema wamewahi kutumia dawa za hospitali kama kileo, karibu mwanafunzi 1 kati ya 6. Pombe ilikuwa 23.4, sigara na tumbaku 14.5, bangi 7.5. Soma tena: dawa za duka la dawa ziliishinda tumbaku. Mlango wa kuzipata ni uleule wa kioski na kemisti, na mkono uliozoea kununua tembe bila kuulizwa swali hauoni tofauti kubwa.

Jibu linalopendwa na wakubwa ni kufunga vioski. Msako hufanywa, kufuli zinatiwa, wiki mbili baadaye milango iko wazi. Hata kama kufuli zingedumu, zile shilingi 450 zingebaki palepale. Mimi naona afadhali tumtazame mwenye kioski kama mfanyakazi wa afya ambaye hajafundishwa, na hilo nalo limewahi kujaribiwa. Kilifi, mwishoni mwa miaka ya 1990, wenye maduka ya vijijini walipofundishwa, homa za watoto zilizotibiwa dukani kwa dozi ya kutosha ya klorokwini zilipanda kutoka asilimia 3.7 hadi angalau 65.2. Na Bungoma yenyewe ina jaribio lake, lililochapishwa 2003. Wilaya iliwafundisha wauzaji wa jumla 73 na kuwapa mabango na karatasi za maelekezo wawagawie wauzaji wadogo wanaonunua kwao. Baada ya miezi 6, wateja wa bandia waliojifanya wana mtoto mgonjwa nyumbani waliingia katika maduka 252. Asilimia 32 ya maduka yaliyopata maelekezo yalitoa dawa iliyoidhinishwa wakati huo. Yale ambayo hayakupata: asilimia 3.

Gharama? Dola 8,000 hivi kwa maduka kama 500 yaliyofikiwa. Dola 16 kwa duka.

Asilimia 32 inamaanisha maduka 68 kati ya 100 bado yalikosea, na watafiti wenyewe walikiri kwamba kemisti na kliniki za binafsi hazikubadilika kwa uhakika kama vioski. Isitoshe dawa yenyewe, sulfadoxine-pyrimethamine, ilikuwa imechukua nafasi ya klorokwini mwaka 1998 na uamuzi wa kuiondoa ukafanywa mwaka mmoja tu baada ya ripoti kuchapishwa. Muuza duka aliyefundishwa hivi leo anaambiwa vingine kesho, na hakuna aliyerudi kumweleza kwa nini. Mafunzo ya aina hii ni ya kurudiwa, na ndiyo sababu wafadhili wanaopenda kukata utepe huyakimbia.

Bei nayo ina somo lake, la jirani Busia. Michael Kremer na Edward Miguel, katika mradi wa dawa za minyoo shuleni, waliona kilichotokea mwaka 2001 baadhi ya shule zilipoanza kutoza wazazi ada ndogo, wastani wa senti 30 za dola kwa mtoto. Watoto waliopata dawa walikuwa asilimia 75 palipokuwa bure, na 19 palipokuwa na ada. Shilingi chache tu ziliwaondoa 56 kati ya 100. Ukishusha bei bila kipimo, nako kuna shimo lake. Jessica Cohen, Pascaline Dupas na Simone Schaner walitoa ruzuku kubwa ya dawa mseto kwa zaidi ya kaya 2,700 magharibi ya Kenya, na karibu nusu ya dawa zilizonunuliwa zilikwenda kwa watu wasio na malaria. Kenya ilikuja kuingia katika mpango wa kimataifa wa mwaka 2010 uliolenga kuuza dozi nzima kwa shilingi 40. Dawa zikafika kila mahali, vipimo vikabaki nyuma.

Kwa wanafunzi wa shule za upili za umma palikuwa na EduAfya, bima iliyoanza 2018, shilingi 1,350 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa wanafunzi kama milioni 3. Ilikatika mwishoni mwa 2023. Sasa mtoto anaingia kupitia mzazi wake katika Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyoanza Oktoba 2024, ambako kaya isiyo na ajira rasmi hulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi. Mzazi asipolipa, mlango wa hospitali kubwa unafungwa kwa mtoto pia, na kioski kinabaki wazi.

Kipimo cha haraka kimoja hupatikana kwa ununuzi wa jumla chini ya dola 1, chini ya shilingi 130. Ile bima ya EduAfya ya mwanafunzi mmoja kwa mwaka ingenunua vipimo 10. Mafunzo ya Bungoma, kwa dola 16 zilezile, ni shilingi 2,080 kwa duka. Tukikadiria maduka na kemisti 2,000 katika kaunti zote mbili ni shilingi milioni 4.16, na tuzidishe mara 3 kwa sababu ya kupanda kwa gharama tangu 2003: milioni 12.5, robo tu ya ile milioni 47.7 ambayo watoto wanaitoa mfukoni. Mgao wa kila mwaka kutoka hazina ya kitaifa unazidi shilingi bilioni 10 kwa Bungoma na bilioni 7 kwa Trans Nzoia, na afya ni kazi ya kaunti tangu 2013.

Wafanyakazi wapo pia. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba yenye kipimajoto, mizani na kifaa cha kupima presha, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Kila mmoja anahudumia kama kaya 100. Kaya za Bungoma na Trans Nzoia kwenye sensa zilikuwa 582,604, kwa hiyo wanahitajika 5,800 hivi, na posho yao ni karibu shilingi milioni 350 kwa mwaka. Fedha hizo zimeshapangwa. Tatizo lililobaki ni la ratiba: mhamasishaji anapobisha hodi kwenye boma saa 4 asubuhi, siku ya Jumanne, mtoto wa Gredi ya 8 yuko shuleni, na wa bweni hatarudi hadi likizo. Shule moja ya kutwa yenye wanafunzi 600 ina watoto wengi kuliko kaya zote 100 za mhamasishaji huyo, lakini haimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Kuiweka humo, asubuhi moja kwa wiki, mizani na vipimo vikiwa juu ya meza, hakuhitaji sheria mpya wala mfadhili.